Jani la Isale Juu ya Kikapu

Marangu,
Moshi.
Jumapili, 16 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Vedastus,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko ulipo umeitikia, hata kama bado umeninunia.

Mnaendeleaje huko Mtwara? Wifi Evaline kile kifua chake kimepona? Na joto, mmeshalizoea au bado mnalala madirisha wazi? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti langu linaniuma asubuhi, ila nikishalipeleka shambani linanyamaza. Masika ya mwaka huu hayataki kuondoka. Mlima hatujauona siku nyingi, na nguo zinakaukia jikoni juu ya moshi.

Nimeona nikuandikie kwa mkono maana simu ilitugombanisha. Simu haina subira. Mtu hajamaliza kusema mwenzake ameshaingilia, halafu salio linakatika katikati ya hasira. Praygod, mtoto wa shangazi, anakuja huko kwenye kazi ya ujenzi. Atakukabidhi barua hii pamoja na kikapu. Soma kwanza ndipo ufungue kikapu.

Uliniambia kuna bwana anataka kukodi kihamba cha mama, ang'oe migomba na kahawa, apande parachichi tupu kutoka juu mpaka chini, na kwamba mwezi huu ukiisha utampa jibu. Ukaniuliza hivi vikapu vya akina mama vina faida gani. Wewe ndiye mziwanda, kwa mila nyumba na kihamba ni vyako, hilo sibishi. Lakini swali lako sikulijibu. Nilikupigia kelele tu. Leo nalijibu taratibu.

Unajua tulivyoanza. Sisi akina mama wa jumuiya ya Mtakatifu Anna tunakusanya mavuno ya vihamba vyetu, na kila Ijumaa vikapu vinashuka mjini kwa familia zilizolipia msimu mzima. Mteja hachagui. Anapokea kile ambacho shamba limetoa wiki hiyo. Vihamba vya wenzangu vimegawanywa kwa watoto mpaka vimebaki kama kiganja, kwa hiyo ndizi mshare, magimbi na parachichi vinatoka zaidi hapa kwa mama. Hapa pakiondoka, hakuna kikapu.

Sasa mwezi uliopita mvua iliozesha nyanya zote, na karoti zikapasukia ardhini. Tukabaki na magimbi, mnafu, maboga na ndizi. Wiki ya kwanza magimbi, wiki ya pili magimbi. Mimi nikaenda Sanya Juu kwenye msiba wa somo yangu. Huku nyuma wifi yangu Digna akaona aibu kupeleka magimbi tena. Wewe unamjua Digna, mgeni akija hata kama hana kitu ataazima kuku. Akashuka Kiboriloni alfajiri, akanunua nyanya na kabichi kwa wachuuzi, akazipanga juu ya vikapu, vikapendeza kabisa.

Shetani naye hana likizo. Mama Violet, mteja wetu wa kwanza, alikuwa sokoni palepale asubuhi ile ananunua dagaa, akamwona. Niliporudi msibani nikakuta ujumbe wake kwenye simu: "Mama Hilda, wifi yako nimemwona Kiboriloni anachagua nyanya. Kuchagua nyanya hata mimi najua." Kufika jioni wateja karibu wote walikuwa na habari.

Tulikaa wanajumuiya nyumbani kwangu. Digna alikuwa anamenya ndizi, hainui macho. Akasema, "Mtu akila magimbi wiki ya tatu atadhani ameadhibiwa." Nikamwambia, "Basi aadhibiwe na mvua, si na uongo wetu." Wengine wakataka tufunge kazi, kila mtu ashike lake. Nikasema hapana. Ijumaa vikapu vitashuka, na magimbi ndani, na juu ya kila kikapu jani la isale, na Digna atavipeleka mlango kwa mlango pamoja nami.

Ungemwona alivyoruka. "Isale kwa ajili ya nyanya? Wifi, isale anapelekewa mtu uliyemuulia ng'ombe." Nikamjibu kwamba ng'ombe hununuliwa mwingine, ila neno letu tukilipoteza tutalinunua wapi, Kiboriloni?

Najua utasema dada yako ameanza mambo ya kale. Bwana wetu alisema uache sadaka yako madhabahuni, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Hakusema uende mikono mitupu.

Basi tukashuka. Mama Violet alifungua mlango amejiandaa, mikono kiunoni. Akaliona jani. Akatazama jani, akamtazama Digna, akashusha pumzi. "Nilikuwa na maneno ya kutosha mpaka saa saba mchana," akasema. "Sasa nitayapeleka wapi? Leteni hayo magimbi." Digna alilia pale pale barazani, na yule mama akamshika mkono akamwingiza ndani anywe chai.

Kule chini kwenye mashamba ya miwa ndiko tulikokosea. Mteja wetu wa huko, Mama Ronald, ni mtu wa Kigoma, hatukumkuta, tukamwachia jirani kikapu. Jioni akapiga simu. "Dada, mnafu tumekula, Mungu awabariki. Lakini ile mboga ndefu ya juu mnaiunga na nini? Nimechemsha mpaka mkaa umeisha, baba Ronald ametafuna akatema." Nilicheka mpaka goti likaniuma. Nikamweleza kwamba hiyo si mboga, kwetu Uchagani isale ni jani la kuombea msamaha, na likishaletwa, aliyekosewa hakatai. Akasema, "Kwa hiyo nimechemsha msamaha wenu?" Digna akaichukua simu akamwambia, "Ndiyo mama, lakini umeshaiva, usiurudishe." Tangu siku hiyo wanapigiana simu kuliko ndugu.

Familia mbili zimetuacha. Siwalaumu. Wao si wa huku, jani haliwafungi, na kosa lilikuwa letu. Waliobaki wamekula magimbi wiki ya tatu na ya nne, na wanasubiri maharage kwa zamu yao.

Hiyo ndiyo faida uliyoniuliza. Ada ya Hilda ya chuo cha ualimu imetoka humo, hilo ni la kwanza. La pili, kuna watu mjini wanaoamini kwamba kilichotoka hapa kimetoka hapa kweli. Jina hilo limeponea chupuchupu, na silitoi kwa mtu wa kukodi.

Haja yangu ni moja. Usimpe jibu yule bwana kabla hujaja Krismasi. Njoo utembee kihamba chote, kutoka kaburi la mama mpaka kwenye mfongo wa maji, halafu Ijumaa moja ushuke nami na vikapu. Ukishaona kwa macho yako, useme unalotaka kusema, nami nitakusikiliza mpaka mwisho. Mpaka siku hiyo hakuna mgomba utakaoanguka mimi nikiwa nimesimama.

Hilda anakupa shikamoo mjomba. Baba mdogo Eliakim anakusalimu, anasema ukija usisahau korosho. Digna naye, na jumuiya yote. Nisalimie wanao, na Evaline sana. Mwambie kilicho juu ya kikapu asikichemshe.

Maana na kwako nimeweka jani, Vedastus. Nimelichuma kwenye mpaka wa juu, pale karibu na kaburi. Nakuomba radhi kwa sauti niliyokupandishia. Wewe ni mtoto wa huku, unajua hulikatai. Lakini jani hilo ni la sauti tu. Kwa yale niliyosema, sijachuma jani.

Mama Bikira Maria awafunike kwa joho lake, wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Mektrida (Mama Hilda)