Kwa Bata, fundi lifti aliyerudisha medali

Mwaka umetimia, Bata, tangu homa iliyoanza kama mafua ikuondoe mikononi mwetu, na nyumba bado haijazoea kukaa bila kelele zako.

Baiskeli yako ingali ukutani sebuleni, pale mkeo alipotaka kutundika picha ya harusi. Alikushinda kwa mengi, lakini kwa hilo alisalimu amri. Binti yako akipita huzungusha gurudumu, likalia tikitiki, na mama yako hugeuka kutazama mlango.

Ulikuwa fundi lifti. Watu waliokwama kati ya ghorofa waliijua sauti yako kabla ya sura. Uliweka mdomo kwenye ufa wa mlango ukawauliza wamekula nini na watoto wao hawajambo, hadi mlango ukafunguka wenyewe wakiwa katikati ya hadithi. Mama mmoja alitoka akicheka, akasema hata kesho akwame tena.

Jina la Bata ulipewa na kaka yako mkubwa, kinyozi, ulipoanza kujifunza kuogelea ukiwa na ndevu na kitambi, ukayarusha maji hadi kwa waliokaa kando. Ulipoingia kwenye mashindano ya michezo mitatu, kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio za miguu, tulidhani ni homa ya kupita. Haikupita. Ulikwenda bwawani alfajiri ukaingia kazini na nywele mbichi. Jumapili ulipotea na baiskeli, ukarudi na njaa ya kumaliza sufuria. Kaka yako alikunyoa miguu ili upepo usikushike, wateja wote wakishuhudia.

"Nimenyoa vichwa vya kila namna," alilalamika, "sikujua iko siku nitanyoa goti."

Alilalamika kwa mdomo tu. Hakuna aliyejivunia wewe kama yeye. Alikupeleka kila shindano kwa gari lake, akakubebea mfuko, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Msimu wako wa mwisho ulianza siku ya mvua. Baiskeli ilikuwa mizunguko minne ya ziwa, na maji yalikuwa yakikupiga machoni. Ukawafuata wawili waliokuwa wakitoka kwenda kukimbia, ukidhani umemaliza. Kumbe wao wamemaliza, wewe umebakiza mzunguko mmoja. Ulipokuwa ukikimbia ulishangaa barabara kuwa tupu namna ile. Ulipofika mwisho mtangazaji akaita, "Wa tatu!" Ukageuka, ukamwona mshindani mwenzako, mwokaji mikate, ambaye kwa baiskeli hukuwahi kumpata hata siku moja, ndiyo kwanza anaingia. Hapo ukaelewa. Ulifungua mdomo useme, lakini kaka yako alikuwa keshakunyanyua mabegani.

Jioni ile picha yako na medali ilikuwa tayari juu ya kioo cha kinyozi.

Ulimwambia siku chache baadaye, mkiwa wawili dukani. "Kaka, niliruka mzunguko mmoja."

Kaka yako aliendelea kufagia nywele. "Nani aliona?"

"Mimi niliona."

"Basi wewe nyamaza na mimi ninyamaze. Hukukusudia. Hapa kila anayekaa kitini nimemsimulia. Unataka nionekane mtu wa namna gani?"

Ulinyamaza, maana ni kaka yako. Lakini tangu siku hiyo mazoezi yalikuwa kama adhabu. Kwenye kila shindano walikuita "wa tatu wetu," na kila walipoita uliinamisha kichwa ukajifanya unafunga viatu. Uliogelea vibaya, ukakimbia vibaya zaidi. Medali ulikuwa umeifungia kabatini, chini ya shuka. Mkeo alikuuliza una nini. Ukamwambia ni uchovu. Hakukuamini, lakini alikuachia nafasi.

Shindano la kufunga msimu, kaka yako alileta nusu ya wateja wake waje wakuone. Kabla ya kuingia majini, mtangazaji akataja jina lako, nawe ukamwomba kipaza sauti. Tulidhani unatoa shukrani.

"Mimi si wa tatu," ulisema, ukiinyanyua medali. "Siku ile niliruka mzunguko mmoja. Sikukusudia, lakini nilijua siku hiyohiyo, na nimekaa nalo msimu mzima. Medali hii ni ya mwokaji. Naomba radhi."

Ukasikika mluzi mmoja wa kuzomea huko nyuma, halafu mwingine. Mama yako alijifunika uso kwa mtandio. Kaka yako alihisi macho ya wateja wake yakimchoma mgongoni. Alitembea hadi kwenye gari, akawasha, akaondoka. Nguo zako kavu zilikuwa kwenye buti la gari hilo.

Ulishindana hivyohivyo, ukawa karibu na mkia, ukarudi nyumbani kwa baiskeli katikati ya malori ukiwa na kivazi kibichi cha mashindano.

Kaka yako aliiteremsha picha usiku uleule. Haikumsaidia. "Kinyozi," mteja mmoja alimwambia huku wenzake wakicheka, "ninyoe nusu, halafu utangaze umemaliza." Akacheka nao, meno nje, moyo ukimuungua. Ulipompigia simu hakupokea. Ulipokuja kunyolewa alikuelekeza kwa msaidizi wake.

Kisha siku moja mwokaji aliingia, akakaa kitini, unga ungali masikioni. Kaka yako alimfunga kitambaa bila kumtazama usoni.

"Mdogo wako alinifuata kiwandani kabla ya siku ile," mwokaji alisema. "Nikamwambia, achana nayo, hicho ni kipande cha bati tu. Unajua alinijibu nini? 'Kwako ni bati. Kwangu ni uongo, na ninalala nao chumba kimoja na mke wangu.'"

Mashine ya kunyolea ilisimama katikati ya kichwa cha mtu. Muda wote huo kaka yako alikuwa akijiona yeye ndiye aliyeaibishwa. Sasa aibu iligeuka uso, ikamtazama yeye. Alimalizia kichwa kile vibaya kuliko vyote alivyowahi kunyoa, akakataa malipo, akafunga duka mchana kweupe.

Alikukuta kazini, kwenye jengo la ofisi. Aliita kwenye mlango wa lifti, sauti yako ikamjibu kutoka juu: "Panda ngazi, kaka. Hii ni mbovu, ndiyo maana nipo." Alipanda ghorofa baada ya ghorofa na tumbo lake lile. Alipokufikia hakuweza hata kusema hujambo.

"Bata... mimi... nili..."

"Kwanza pumua."

"Nilikuacha... na nguo zako..."

"Pumua, kaka. Hata mashindanoni wanaruhusu kupumua."

Mlicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Mlikula pamoja mchana ule, mkiwa mmekaa kwenye ngazi. Tunamshukuru Mungu kwa mchana ule, maana haikupita miezi mingi homa ikaja.

Siku ya mazishi, msemaji aliyesoma wasifu wako alisema ulirudisha medali kwa ushauri wa kaka yako mkubwa. Hatujui nani alimwambia. Watu walimpa kaka yako mkono, mmoja baada ya mwingine, nao mkono wake ukapokea. Mwaka mzima wateja, waliokwisha kusahau alivyoondoka ziwani, walimsifu kwa kulea mdogo mwadilifu. Alizidi kukonda. Mkeo alimuuliza, "Shemeji, unaumwa?" Akasema ni uchovu.

Mwezi huu waandalizi wa mashindano walimwita atoe zawadi kwa heshima yako. Mtangazaji akamkaribisha kwa maneno yaleyale: kaka aliyemwongoza ndugu yake kwenye ukweli. Makofi yakapigwa. Kaka yako alishika kipaza sauti, jasho likimtoka kana kwamba ameogelea.

"Mimi nilimwambia anyamaze," alisema. "Aliposema, nilimkimbia. Msinipigie makofi."

Makofi yalikatika kama maji bombani. Alimvisha mshindi medali, akashuka jukwaani, akaja tulipokaa huku ameinamisha kichwa. Mama yako alirekebisha mtandio wake.

"Sasa nyote wawili mmeniaibisha hadharani," alisema. Kisha akashika mkono wa mwanawe, akajiinua, akaenda naye hadi kwenye gari mbele ya watu wote bila kuuachia.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, binti yako, kaka yako kinyozi, mafundi wenzako wa lifti, na mwokaji, aliyeomba awekwe humu miongoni mwa ndugu.

Lala salama, Bata. Hatutakusahau kamwe.