Hutoki Harlow Bila Kuogelea

Chuo cha Harlow, Kentucky
14 Septemba 1985

Mwanangu Denzil,

Salamu zangu zikufikie wewe na Lorna huko Dayton. Mgongo unaendeleaje? Kiwandani wamekupa kazi ya kukaa, au bado unainua vyuma? Mimi ni mzima, ila magoti yananung'unika kila nikipanda kilima kwenda darasani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kufokeana. Huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nimesoma falsafa, Kilatini, na hata mambo ya miamba, ambayo sikuyapenda mpaka mwalimu alipotupeleka kwenye kilima cha nyuma ya kanisa letu, nikajua nimeishi juu ya nini miaka yote ile. Darasani tuko tisa, tumezunguka meza moja, huna pa kujificha. Kama hukusoma, mwalimu anajua kabla hujavua koti. Watoto hawa wananiita Bi Verna, na wakishindwa kubishana na mwalimu wananisukumia mimi.

Limebaki jambo moja. Hapa hupewi shahada mpaka uogelee bwawa lao, kwenda na kurudi mara mbili, bila kushika ukingo. Ni kanuni ya tangu zamani, na wenzangu waliimaliza mwaka wa kwanza. Mimi nimelikwepa lile bwawa weee, sasa sina tena pa kukwepea. Jumatatu naanza kujifunza.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Mama yako


Dayton, Ohio
25 Septemba 1985

Mama,

Sisi hatujambo. Mgongo ni uleule. Lorna anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri au unakula vitabu tu.

Nimemaliza kusoma, na nimekasirika. Chuo gani hicho, wanafunzi wake wote wanaenea kwenye kanisa moja, kinakufundisha mambo ya Wagiriki halafu kinakwambia haya, jitose majini? Falsafa na kuogelea wapi na wapi? Una miaka hamsini na minane, Mama. Mto ulimchukua Baba mbele ya macho yetu. Tulikuwa juu ya paa, mimi nimekushika kiuno usimfuate. Tangu siku ile hata beseni lililojaa silipendi. Na wewe unataka ukajitose kwa ajili ya karatasi?

Ulipouza ng'ombe ukaenda kusoma nilivumilia. Watu walipocheka nilinyamaza. Hili silikubali. Mwambie mkuu wenu kwamba wewe ni mjane wa mafuriko, wakusamehe. Chumba chako hapa kiko tayari.

Denzil


Harlow
3 Novemba 1985

Mwanangu Denzil,

Umeweka jina tupu chini ya barua, kama karani wa benki. Nimeliona. Hata hivyo nakuombea afya, wewe na mkeo, na mwambie nakula vizuri: maharage na mkate wa mahindi, kama kawaida yangu.

Sikuhitaji kumwambia mkuu. Aliniita mwenyewe. "Bi Stidham," akasema, "kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Nitakusamehe kimyakimya, wala hakuna atakayejua."

Nikamjibu, "Nitajua mimi."

Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia naogopa mpaka natapika, na kweli siku ya kwanza nilitapika kwenye ndoo ya mfagiaji.

Denzil, mto ule umeniamulia kila kitu zaidi ya miaka kumi sasa. Nisikae wapi, nisipite daraja gani, nisilale mvua ikinyesha. Kuja hapa ndilo jambo la kwanza nililojiamulia mwenyewe tangu tumzike baba yako. Sitaki kulimaliza kwa ruhusa ya mto. Nielewe au usinielewe, lakini usiniambie tena nirudi nyuma.

Anayenifundisha ni Kocha Pruitt, binti mdogo kuliko wewe, mdomo kama wembe. Jana nimeweka uso wote ndani ya maji. Akaniambia, "Hongera, Bi Verna, sasa umenawa."

Mama yako


Harlow
9 Februari 1986

Mwanangu Denzil,

Hujambo, baba? Hujaandika tangu Septemba. Kadi ya Krismasi niliipata, na keki pia, lakini mwandiko ulikuwa wa Lorna mtupu. Mimi nina mafua tu, na nywele zinazonuka dawa ya bwawa.

Nimejifunza kulala chali juu ya maji. Lisome hili vizuri, maana ni muhimu. Mtu akichoka majini hapigani nayo. Anageuka chali, analegeza mikono, anainua tumbo, anaacha masikio yazame. Anayemtazama toka ukingoni anaweza kudhani amekufa, kumbe anapumzika. Siku nilipoweza nililia. Kocha Pruitt akasema nilie tu, bwawa halitafurika.

Mtihani ni Jumamosi, tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi. Njoo ukitaka kuniona. Ukitaka kunizuia, baki Dayton.

Nimekukumbuka sana, Denzil. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako


Harlow
5 Mei 1986

Mwanangu Denzil,

Natumaini ulifika salama, na buti zako zimekauka. Uliondoka bila hata kunywa kahawa.

Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa umefumba macho muda mwingi, kwa hiyo acha nikuhadithie.

Nilikuona ukiingia. Umesimama ukutani na koti la kazi, umekunja mikono. Moyo wangu ulifurahi mpaka nikakosea pumzi. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena. Kumebaki kurudi mara moja, mkono ukaishiwa nguvu, nikafanya kama nilivyofundishwa: nikageuka chali nipumzike. Nikatulia natazama dari. Mara nikasikia mtu anapiga kelele "Mama!" na kishindo kama kabati limeangukia majini.

Denzil, ungeisoma barua yangu ya Februari ungejua kwamba nilikuwa napumzika.

Kocha Pruitt alikunyooshea ile fimbo ndefu ya kuokolea watu, ukaikataa, ukanikamata mimi. Tukazama wote wawili. Chini kule nilimwona baba yako, sikufichi. Halafu nikakupiga kiwiko, tukaibuka, nikakupigia kelele: "Lala chali, Denzil!" Na wewe, kwa mara ya kwanza tangu uote ndevu, ukatii. Nikakushika kola nikakuvuta mpaka ukingoni. Mtu mzima na buti zake. Nilikuvuta mimi.

Wakati wanakufunika taulo, Kocha Pruitt alisema ananihesabia nimefaulu, tena zaidi. Nikamwambia hapana. Nilishika ukingo, na kanuni inasema usishike. Nikapumzika, nikaingia tena, nikaanza mwanzo. Nilipomaliza nikatazama ukutani, nikaambiwa umeshaondoka.

Sijui uliona aibu au ulikuwa na hasira. Kama ni aibu, itupe. Kila mara nikikumbuka kwamba hujui kuogelea na ukaruka, nashindwa kuendelea kusoma.

Shahada natunukiwa tarehe 25.

Mama yako


Dayton
16 Mei 1986

Mama mpendwa,

Salamu. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Buti zimekufa.

Barua ya Februari sikuwa nimeifungua; siku ya mtihani Lorna aliiulizia chuoni kwa simu. Niliiweka kwenye droo pamoja na hasira zangu. Nimeifungua juzi, nimeisoma mara nyingi mpaka Lorna akaniuliza kama na mimi nasomea shahada.

Mama, siku ile juu ya paa, mikono yangu ndiyo iliyokuzuia. Tangu hapo nilidhani nikiachia tu utakwenda. Ndiyo sababu niliondoka pale bwawani. Nilikuona unaingia tena mwenyewe, nikakosa cha kufanya na mikono.

Tarehe 25 tutakuja, mimi na Lorna, na suti nimeazima. Hapa mjini kuna darasa la kuogelea la watu wazima, Jumanne jioni. Nimejiandikisha. Usimwambie mtu yeyote.

Swali moja tu. Ukilala chali, macho unayafumba au unayaacha wazi?

Mwanao,
Denzil


Harlow
19 Mei 1986

Mwanangu,

Wazi.

Mama yako