Jina Ambalo Hatukumuuliza Kenanga

Jumatatu, 10 Juni
Kenanga kakubali kliniki! Nimembembeleza hadi nimechoka. Anakohoa mpaka anashika ukuta, lakini nikitaja matibabu anabadilisha mada. Leo nimemwambia yupo nesi, Bi Wuri, anatuhudumia sisi waria, wanawake tuliozaliwa wavulana, bila kutukodolea macho, na anamwita mtu jina analojiita. Akauliza kama atalazwa na wanaume. Nikasema hakuna kulazwa, ni dawa tu. "Ukinidanganya, Nengsih, nitakusuta mbele ya mji mzima wa Yogya." Tunaenda Alhamisi.

Jumanne, 11 Juni
Kaenda tena na tari lake kuwaimbia wenye magari kwenye taa za barabarani, apate sarafu. Nimemfokea. Hasikii.

Jumatano, 12 Juni
Kaanguka pale pale kwenye taa. Muuza tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, anasema alitema damu, gari la wagonjwa likamchukua. Nimekimbilia hospitali kubwa. Kenanga? Hayupo. Dada wa mapokezi hata hakuinua uso — anataka jina la kwenye kitambulisho.

Miaka yote hii tunakula sahani moja, na silijui jina alilopewa alipozaliwa mvulana. Kwetu haliulizwi. Ni tusi. Wengi tumeyakimbia makwetu, na hayo majina tumeyakimbia pia.

Nimewapigia wote. Hakuna anayejua. Mwisho Mami Tiwuk, aliyempokea siku ya kwanza mjini. "Alitaka kunitajia, mwanangu. Nikamwambia la zamani aliache mlangoni." Akaanza kulia, ikabidi nimbembeleze yeye. Bi Wuri naye kapiga simu hospitali, wakamwuliza swali lile lile. Nimechoka. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 13 Juni
Leo ndiyo ilikuwa siku ya kliniki. Nipo kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi. Mlinzi wa wodi ya wanaume kaniuliza namtafuta nani. Nikasema mwanamke. Akacheka. "Humu madume tu, dada." Siku nyingine ningefurahi kuitwa dada.

Kipaza sauti kinaita. Ndugu wa Supardiyanto wafike wodi ya wanaume, haraka. Hakuna anayeinuka. Watu wanatazamana.

Wameita tena. Jina hili sijawahi kulisikia. Mungu wangu, liwe la mtu mwingine.

Mara ya tatu. Bado hakuna mtu. Nikisimama tu, nitakuwa nimempa Kenanga hilo jina.