Sanduku Letu la 30100

Jumatatu, 24 Desemba 2007

Foleni ya posta leo mpaka nje. Kadi za Krismasi. Mimi Muislamu ndiye ninayebeba Krismasi ya mtaa mzima kwenye kikapu, halafu wananiuliza mbona nimechelewa.

Sanduku la posta ni la duka. Marehemu mume wangu alilichukua kwa ajili ya biashara. Lakini kila anayenunua chumvi kwangu hapa Kapsoya huwapa watu wake anwani hiyo: fulani, kupitia kwa Mama Hodan, namba ya sanduku, 30100 Eldoret. Sikumbuki kumruhusu hata mmoja. Nagundua tu barua zikifika.

Nimezimwaga kaunta, Njoki, fundi anayeshona verandani kwangu, akaacha cherehani yake akaja kunisaidia kuzipanga. Kusaidia ni jina tu. Yeye hugeuza kila bahasha aone nyuma imetoka wapi, kabla hata ya kusoma ni ya nani. Namba za posta anazijua kuliko nyimbo za kanisani. 30106, Turbo, huyo ni shangazi wa jirani yetu Chebet. 70100, Garissa, kaka yako anataka kitu. Nikamwambia huo ni umbea wenye muhuri wa serikali. Akacheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni.

Jumatatu, 31 Desemba 2007

Duka limefungwa. Matokeo ya uchaguzi yametangazwa jana na leo kuna moshi pande mbili. Nyumba aliyopanga Njoki imechomwa, kama za wengine wa kabila lake.

Vijana wamepita na mapanga. Wakauliza cherehani hii ya nani. Nikasema yangu. Mimi, nisiyejua kushona hata kifungo. Njoki na watoto wake wawili walikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mchele. Niliogopa sana.

Mmoja wa vijana hao nilimpa peremende akiwa darasa la kwanza. Hakunitazama usoni.

Jumanne, 1 Januari 2008

Polisi wamemchukua Njoki na watoto kwa lori, wakawapeleka showground, uwanja wa maonyesho, pamoja na wengine. Njoki alibeba watoto, sufuria moja na blanketi langu. Simu ilibaki kwenye moto. Alitaka kubeba na kichwa cha cherehani. Nikamkatalia, utakibeba vipi na mtoto mgongoni? Akanikaripia. Nikamkaripia. Lori likaondoka tukiwa bado tunagombana.

Hatukuagana vizuri. Inaniuma.

Jumanne, 15 Januari 2008

Nimefika showground na unga na sabuni. Njoki hayuko. Mama mmoja aliyekuwa anafua alisema walipakiwa kwenda Nakuru. Nakuru wapi? Nakuru tu.

Nimerudi na unga wangu. Nimelia njiani bila kuona haya.

Jumatano, 6 Februari 2008

Leo nimefika posta mara ya kwanza tangu fujo. Sanduku limejaa. Nimezimwaga kaunta kama kawaida, nikazipanga peke yangu. Nusu ni za watu ambao hawako tena.

Chebet amekuja kununua majani ya chai. Ameziangalia muda mrefu. Yeye na Njoki walikuwa wanabadilishana mitindo ya nguo za shule. Akaniuliza, "Sasa hizi utafanyia nini, Mama Hodan?" Nikamwambia nitaziweka, zina wenyewe. Nimezitia kwenye katoni ya sabuni na kuiweka rafu ya juu. Chebet akaondoka bila majani yake. Nikamfuata nayo mpaka nje.

Cherehani iko stoo. Nimeifunika kwa gunia safi.

Jumatatu, 10 Machi 2008

Barua ya Njoki! Alhamdulillahi. Nimeutambua mwandiko nikiwa bado posta, nikawakanyaga watu miguu.

Wako hai, wako pamoja. Wanahamahama nyumba za watu, leo huku, kesho kule. Kanisa moja limewaruhusu kutumia sanduku lake. Namba za simu anasema ziliungua zote, hakuna aliyokuwa nayo kichwani isipokuwa anwani ya duka. Hiyo ameiandika miaka mingi kwenye ripoti za shule za watoto.

Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndilo jambo lenyewe. Wenzake waliofukuzwa wanajipanga kununua shamba pamoja upande wa Nyandarua. Kabla hajajiunga nao anataka kujua jambo moja. Je, bado ana mahali kwenye veranda yangu? Nisimfiche. "Ukinyamaza nitaelewa, na sitakulaumu."

Sitakulaumu! Huyu mwanamke ana wazimu.

Jumanne, 11 Machi 2008

Nimejibu. Nimeandika kurasa tatu, ya kwanza yote matusi ya mapenzi. Veranda yako ipo. Cherehani yako ipo. Fujo zimetulia lakini usikimbilie, nitakuambia hali ilivyo. Chebet anakusalimia.

Bahasha nimeiandika vizuri kwa herufi kubwa. Grace Njoki, sanduku la kanisa, 30100 Nakuru. Nyuma sikuandika kitu, nani asiyenijua? Nimeipeleka posta mwenyewe, nikaidumbukiza, nikasikia ikianguka. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili 2008

Hakuna kitu kutoka Nakuru. Mvua zimeanza. Watu wanapanda mahindi, wengine kwenye mashamba yasiyo na wenyewe. Sisemi neno, lakini naona.

Nimemwandikia Njoki tena. Labda ya kwanza ilipotea.

Jumatano, 14 Mei 2008

Hakuna.

Chebet anaomba veranda aweke meza ya mitumba. Anaomba kwa heshima, na si mtu mbaya. Alimficha jirani kwake siku zile na hajawahi kujisifu. Nimemwambia angoje. Akauliza angoje nini, nikageukia mizani.

Jumamosi, 21 Juni 2008

Nimekasirika leo tangu alfajiri. Naandika ili nisimpigie mteja kelele.

Njoki ameamua. Angetaka kurudi angejibu. Amekaa na wenzake huko, wamemwambia mambo yetu yote sisi wa Eldoret, na mimi amenitia kwenye debe hilo hilo. Mimi niliyemficha nyuma ya mchele! Halafu nikakumbuka kwamba nyumba yake ndiyo iliyoungua, si yangu. Hasira ikapungua. Uchungu ukabaki vilevile.

Nimeandika barua ya tatu na ya mwisho. Fupi. "Umeniuliza, nimekujibu, mara mbili. Sasa ni wewe unayenyamaza. Nimeelewa, na mimi nakulaumu." Nyuma ya bahasha nimegonga muhuri wa duka, kama ninavyowaandikia wenye kiwanda cha sabuni hapa mjini. Mbele ni jina, sanduku, 30100 Nakuru. Mkono unajua wenyewe.

Nimemwambia Chebet aanze kutumia veranda mwezi ujao. Hakufurahi nilivyotarajia. Akasema, "Wacha tuone kwanza, Mama."

Alhamisi, 3 Julai 2008

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ameingia mzee mmoja aliyevuka makamo, koti la mvua, viatu vya shamba. Ameweka chupa ya maziwa kaunta. Kisha akatoa mfukoni barua tatu zilizofungwa kwa uzi. Barua zangu. Hazijafunguliwa.

Anaitwa Mzee Kiprop, mkulima wa Moiben. Ana sanduku hapa mjini, na kama langu, wanalitumia majirani wote, watu wa kanisa, walimu, hata chama cha maziwa.

"Hii sanduku yetu ni ya watu wengi, Mama. Jina ikikuja siijui, mimi nabeba tu, naenda naulizia. Nilijua huyu Grace Njoki ni mtu wa mtu."

Ameulizia kanisani. Ameulizia mahali wanapopelekea maziwa asubuhi. Mzee wa Kikalenjin anazunguka Moiben mwezi wa nne mwaka huu, anauliza kwa sauti nani anamjua Grace Njoki. Watu wakaangalia chini. Mmoja akamwambia aache hayo maneno.

"Nikafikiria huyu mama alikuwa kwetu na tukamfukuza, na mimi hata sikuwa namjua. Hiyo ilinisumbua sana. Nikaziweka."

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na muhuri wa duka. Kwa hiyo amekuja.

Nikageuza bahasha. Namba ya sanduku ni sawa. Jina ni sawa. Nakuru imeandikwa, kubwa kabisa. Sikuona kosa. Tumefunga duka, mimi na Mzee, tukaenda posta pamoja. Yule msichana wa dirishani alitazama mara moja tu.

"Mama, umeandika 30100. Hiyo ni hapa. Sisi tunaangalia code kwanza. Hiyo tatu ya mbele ni upande wetu, kutoka hapa mpaka Kitale, mpaka Lodwar huko. Nakuru inaanza na mbili, 20100. Na sanduku ya namba kama hiyo iko Nakuru, na iko hapa pia."

La hapa ni la Mzee Kiprop.

Mkono huu! Tangu niolewe sijaandika namba nyingine kwa kalamu. Kaka yangu wa Garissa simwandikii, nampigia simu. Kwa hiyo kila nilipomwambia Njoki mahali pako papo, nilikuwa namwambia ng'ombe wa Moiben. Na yeye alisema nikinyamaza ataelewa. Miezi yote hii anaelewa.

Nimekaa kwenye ile benchi ya posta, nimecheka, kisha si kucheka tena. Mzee Kiprop alisimama kando ameshika kofia yake. Hakuniambia nyamaza. Namshukuru kwa hilo.

Ijumaa, 4 Julai 2008

Nilifikiria kwenda Nakuru mwenyewe. Duka nimwachie nani? Na hata nikifika nitamtafuta nyumba gani, wakati hana nyumba? Chenye kukaa mahali pamoja ni sanduku tu.

Nimetia barua mbili za kwanza kwenye bahasha kubwa, na karatasi mpya juu inayoeleza upumbavu wangu. Ya tatu nimeichoma jikoni. Namba yangu ya simu nimeiandika mara mbili. 20100 niliandika polepole kama mtoto wa nasari, kisha Chebet akasoma, kisha yule msichana wa dirishani akasoma. Sikumwamini hata mmoja, nikasoma tena.

Chebet hajaweka meza. Amesema atauzia nje kwake kwanza.

Sasa naogopa. Zamani nilingoja nikiwa nimekasirika, na hasira ni rahisi. Sasa najua huenda ameshajiunga na wenzake. Huenda ameshapanda viazi Nyandarua, na kosa ni langu.

Jumapili, 13 Julai 2008

Simu haijalia. Au imelia, lakini ni watu wa sukari.

Mzee Kiprop amepita kuuliza kama kuna habari. Maziwa tena. Nikamwambia Mzee, nina maziwa ya kuogea sasa. Akasema basi oga.

Jumanne, 22 Julai 2008

Baridi. Nimefika posta kabla hawajafungua. Ndani ya sanduku kulikuwa na bili ya stima, kitu cha Chebet kutoka Turbo, na bahasha moja ya kahawia yenye mwandiko wa Njoki.

Sikuifungua. Nilishikwa na woga. Nimeibeba mpaka dukani kifuani, chini ya shuka niliyojitanda, na kuiweka kaunta. Nikapima sukari ya mteja. Nikafagia. Nikaiangalia. Muhuri ni wa Nakuru.

Kisha nikafanya anavyofanya yeye. Nikaigeuza nione nyuma imetoka wapi.

Barua ya Machi ilikuwa na sanduku la kanisa, 20100. Hii haina. Nyuma, mahali pa anayetuma, ameandika kwa herufi zake za kushonashona: Grace Njoki, kupitia kwa Mama Hodan. Namba ya sanduku letu. 30100 Eldoret.

Barua bado haijafunguliwa. Nitaisoma baadaye, nikishaketi. Nimetoa cherehani stoo, Chebet ameshika upande mmoja. Tumeiweka verandani mahali pake. Nimefuta vumbi, na sasa natafuta ile chupa ya mafuta yake, sijui aliiweka wapi.