Mjusi wa Kamarina

Kamarina, siku ya tano, mwezi wa kuvuna zabibu

Baba Phintias,

Nakuamkia. Goti linaendeleaje huko mlimani? Mimi ni mzima.

Mtawala mpya ameagiza sarafu zote za shaba za mji zipashwe moto, kisha uso wake upigwe juu ya yule bundi wa kwenye sarafu, uliyemchonga wewe. Nyundo nimepewa mimi. Ukisema niache, nitaacha.

Mwanao, Lykon

Akrai, siku ya kumi na mbili

Lykon,

Mimi sijambo, ni goti tu linalonisumbua.

Tangu tumzike mama yako hujaniandikia, miaka mitatu, na leo unakuja na habari za nyundo. Haya. Bundi ni wa mungu wetu Athena, atajitetea mwenyewe. Wangu ni huyo mjusi aliye kwenye kucha zake. Mama yako alimkamata ukutani akakuwekea kiganjani, ukacheka mpaka ukapaliwa. Nikamchonga siku hiyo hiyo.

Piga. Ukikataa atapiga mwingine, na wewe utakula nini? Ila mimi mji huo sikanyagi tena.

Baba yako

Kamarina, siku ya ishirini na tano

Baba,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Nimepiga siku nane. Bundi amefutika, mjusi amekataa. Mguu wake umebaki chini ya kidevu cha mtawala, na wauza samaki wanaulizana, "Huyu bwana mbona ndevu zake zina vidole?" Msimamizi wa karakana hakucheka. Amesema nimefanya makusudi, akanifukuza. Sikumbishia.

Naona haya kusema, lakini nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Siku hizi naongea na ukuta.

Mwanao, Lykon

Kamarina, siku ya sita, mwezi baada ya kuvuna zabibu

Baba,

Sijui nikuamkie wapi. Aliyekuletea barua alipitia kwingine, amerudi leo. Anasema uliisoma mara mbili, na kesho yake ukafunga mlango, ukashika fimbo, ukasema unakuja kwangu. Leo ni siku ya saba tangu utoke. Njia ni ya siku mbili. Kwa goti lako, tuseme nne.

Nimewauliza wenye punda langoni. Mmoja alikukuta umekaa kivukoni, ukakataa kupandishwa. "Mzee mbishi," akasema. Nikamwambia ndiye huyo huyo.

Dengu ziko chunguni. Barua hii naiacha mezani, maana huenda ukafika ukakuta hakuna mtu. Nimeshika njia ya mtoni kukutafuta. Kula, unisubiri.

Mwanao, Lykon