Ngoma ya Bajaponi, na Nguo Nilijifunga Mwenyewe

Siku ya Mungu, asubuhi, mwezi wa nane. Joto ya hapa Japani inalowesha muntu kama amevuliwa ku ziwa. Sikulala muzuri, lakini si juu ya joto. Moyo ungali unaruka na ngoma ya jana.

Niseme ukweli mbele. Sikupanda avion kuja kutembea. Riziki, binti yangu wa mwisho, aliolewa huku miaka tatu sasa, bila sisi kuonana na bazazi ba bwana. Kaka yangu mukubwa, kule kwetu Lweba, njo alinituma: "Enda uangalie. Kama banamuzarau, rudi naye na mutoto wake. Kama banamuheshimu, uniambie, nitaombea ile nyumba baraka."

Wiki mbili, sikuona kitu. Mama ya bwana wa Riziki, mukwe wangu, anainama, anacheka kidogo, ananyamaza. Bantu ba kunyamaza mi nabaogopa. Kwetu, Mubembe akikukasirikia, banasikia mpaka Fizi kule juu.

Basi jana, siku ya posho, Jumamosi, mutaa wabo ulikuwa na sikukuu ya joto. Riziki alinieleza: siku hizi za sikukuu bale balikufa banarudia nyumbani, na bazima banabachezea ngoma. Nikamuuliza: "Na mi mama wa kanisa, nitafanya nini pale?"

"Mama, utakula mahindi."

Huyu mutoto ana kinywa. Alikitoa kwangu.

Mukwe alikuwa ameniletea yukata, nguo yabo ya pamba, mikono mipana, unafunga na mukanda. Alitaka kunivalisha. Nilimukataza na mukono, akaenda kuchoma mahindi pa sikukuu. Mi nafunga kikwembe, kitenge chetu, toka zamani, leo nifundishwe kuvaa? Nikapeleka upande wa kulia juu, kama siku zote. Nikakaza. Nikabeba mujukuu mugongoni, kikwembe kikanifunika kifua, tukatoka.

Kufika pale, we!

Taa za karatasi zimetundikwa kila pahali. Katikati jukwaa ya mbao, juu yake ngoma kubwa kama pipa ya mafuta, na binti mumoja anaipiga na fimbo mbili, mikono ya kweli, si ya mapambo. Bazee na batoto banaizunguka, mukono juu, mukono chini, muguu nyuma. Miguu yangu ilianza kuenda yenyewe. Kanisa linisamehe.

Lakini kitu kimoja nitabagombeza nacho mpaka nikufe. Batoto banavua samaki ndani ya beseni na kijiko cha karatasi! Karatasi inapasuka, banacheka. Na samaki yenyewe ni kadogo kama ndakala, dagaa ya kwetu, nyekundu, na habaili. Nikamuambia baba mwenye beseni kwa Kiswahili: "Baba, kuja kwetu Baraka, ku ziwa, tukuonyeshe wavu." Akainama. Nikainama. Tukaelewana.

Kisha mujukuu akalia. Riziki akamuchukua kumunyonyesha, nikafungua kikwembe, nikaingia ndani ya muzunguko.

Bamama babili bakaniangalia kifua, bakaacha kucheza. Mumoja akaziba kinywa.

Nikasema ndani yangu: njo hii sasa. Zarau imetoka inje.

Mukwe akaacha mahindi yake, akaja mbio, akanikamata mukono, akanivuta nyuma ya turubai. Akaanza kufungua mukanda wangu! Nikapiga kelele: "We mama, unanivua nguo, mi niko muke wako?"

Riziki akatokea, mutoto angali ku titi. "Mama, nyamaza! Umepeleka kulia juu. Hivyo njo banavalisha maiti!"

Maiti. Siku bale balikufa banarudia, mi nimefika nimevaa kama mumoja wabo.

Haya ilinishika mpaka vidole vya miguu. Kwetu ningechekwa soko nzima, na niseme ukweli, mi mwenyewe ningecheka wa kwanza. Huyu mama hakucheka. Alisimama kati yangu na bantu mpaka nikapoa. Kisha akapiga magoti ku udongo na nguo yake safi, akanyoosha pindo yangu, kushoto juu, akafunga mukanda pole pole. Akasema maneno, kichwa chini.

"Anaomba umusamehe," Riziki akasema. "Anasema kosa ni lake. Alipaswa kubaki nyumbani akuvalishe."

Kwetu ni bibi arusi anapigia mama mukwe magoti. Mama ya bwana kupigia magoti mama ya binti? Sijaona, na ndoa nimezikalia nyingi, kutoka Fizi mpaka Lweba.

Nilimuinua. Nikamupanguza udongo ku magoti. Tukaingia ku ngoma pamoja, yeye mbele, mi nyuma. Mikono nilimufuata. Kiuno nilitia cha kwetu, na bazee bale bakapiga makofi!

Nilikuja kutafuta zarau. Ile nilipata ni yangu mwenyewe.

Sasa niko nakaa na simu mukononi. Kwetu kungali usiku. Jua likitoka nyuma ya milima ya Ubwari nitapiga. Kaka ataniuliza mara tatu kama niko na hakika, juu anapenda kubishana. Nitamujibu mara moja tu: Kaka, amuka, nawa uso, ombea ile nyumba.