Nilimwaga Siri ya Mwenzangu Redioni

Shangazi mpendwa, miaka yote nimekuwa nikisoma safu yako nikicheka shida za wenzangu, leo zamu imenifikia na sina pa kukimbilia, naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unitukane.

Mimi ni fundi seremala, nina mke na mabinti wawili, na nimefanya kazi katika karakana moja ya samani kwa miaka kumi na miwili. Miaka mitano iliyopita tulipata mwenzetu kutoka nchi jirani, mkimbizi mwenye makaratasi yake yote na kibali cha kufanya kazi, tukambandika jina la Msasa kwa sababu meza akiisugua yeye hata nzi anateleza, na kwa kuwa meza yake ya kazi ilikuwa ubavuni mwa yangu tukazoeana mpaka watu wakatuita mapacha, mke wake na wangu wanasukana nywele, binti yangu mdogo anamwita baba mdogo, na mama yangu alipolazwa ni yeye aliyekaa naye wodini siku ambazo mimi nilibanwa na kazi.

Siku moja tulikuwa wawili tu tukipiga vanishi viti vya shule, mvua imetufungia ndani, akanisimulia jambo ambalo alisema hata mkewe hajalisikia lote, kwamba vita vilipofika kwao wapiganaji walimkamata, wakamfunga kamba kiunoni na kumbebesha masanduku ya risasi siku kumi na moja, aliyekuwa mbele yake akaanguka na hakuinuka tena, na siku ya kumi na mbili yeye akaikata kamba kwa kipande cha bati akakimbia. Alisema hayo huku brashi inaendelea kwenda, hakunitazama. Nikamwambia pole ndugu yangu, hilo kwangu limezama.

Sasa mwaka huu fundi mkuu wetu alistaafu, na mimi nilijua nafasi ni yangu, hata mke wangu nilishamtangazia, lakini tajiri mwenye karakana akampa Msasa. Shangazi, nisikufiche, kijicho kilinipanda. Juma hilohilo redio ikaweka mjadala wa mchana, wasikilizaji wapige simu waseme kama wakimbizi waachwe waishi na kufanya kazi mitaani au warudishwe wote kambini, na sisi karakana nzima tulikuwa tunasikiliza, basi mimi nikajifanya naenda msalani, nikajibanza nyuma ya stoo ya mbao nikapiga, nikajipa jina la uongo na kuibana sauti nisijulikane, nikasema hawa watu tunawaonea huruma bure, namjua mmoja fundi wa mbao, kwao alikuwa akiwabebea wauaji risasi na leo amepewa ukubwa juu ya wenyeji. Kamba sikuitaja. Kutekwa sikukutaja. Niliporudi ndani nikakuta mashine zote zimezimwa, wenzangu wameinamisha vichwa, na Msasa anafagia sakafu ambayo ilikuwa imeshafagiwa.

Hakuniambia kitu siku hiyo wala siku zilizofuata, ila hakuna mwingine aliyewahi kusimuliwa hayo yote, kwa hiyo alijua ni mimi, na mimi nikajua kwamba anajua.

Maneno hayana miguu lakini yalifika kila nyumba. Mwenye nyumba wake akampa notisi ya mwezi mmoja, binti yake akarudi kutoka shule akisema hataki kwenda tena kwa sababu wanamwita mtoto wa muuaji, na tajiri akamwambia Msasa apumzike nyumbani kwanza mpaka mambo yapoe. Watu wakaandika ombi kwamba vibali vya mafundi wote wakimbizi wa mtaa wetu vifutwe, na Jumamosi iliyopita mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, ofisa anayeshughulikia wakimbizi akaja kusikiliza. Muuza mboga alisema amewauzia miaka mitano na hajaona baya. Kinyozi akasema kodi za vyumba zimepanda tangu waje, na hilo nalo ni kweli, wala hakulisema kwa chuki. Halafu mtu mmoja wa nyuma akauliza, na yule wa risasi je?

Msasa akasimama. "Mimi ndiye," alisema. "Siku hizo kumi na moja ni za kweli. Aliyepiga simu alisahau tu kuwaambia kwamba nilikuwa nimefungwa kamba."

Akapandisha shati, tukaona kovu kiunoni. Mwenyekiti akamwuliza ni nani aliyekuwa akijua habari hizi kabla, aje athibitishe. Msasa akashusha shati, akajibu, "Nilimwambia rafiki. Jina lake silitoi. Nimeshaona inavyokuwa mtu akinyooshewa kidole mbele za watu."

Mimi nilikuwa safu ya tatu, Shangazi. Nikauchuna.

Wapo waliosema kamba ameitunga juzi ili ajisafishe, kovu laweza kuwa la chochote, kwa hiyo ofisa akasema atarudi Jumamosi hii kabla hajaandika taarifa yake, mwenye la kuongeza alilete. Nasikia Msasa ameanza kufunga vyombo arudi kambini mwenyewe kabla hajarudishwa. Mke wangu hajui lolote, ananiuliza mbona nimekonda. Nikisema, nitafukuzwa kazi na mabinti zangu watajua baba yao ni mtu wa namna gani, nisiposema, roho inanisuta kila nikishika msumeno. Nimefikiria nimwandikie ofisa barua isiyo na jina nimweleze ukweli wa kamba, yaishe. Je, haitoshi?

Seremala

*

Seremala mwanangu,

Nimekusikiliza hadi mwisho, na matusi sina. Umeshajitukana mwenyewe vya kutosha, na matusi hayajamrudishia mwenzako chumba.

Kijicho hakikukufanya shetani. Kumtayarishia mkeo habari njema kisha kurudi nyumbani mikono mitupu kunauma, na mimi nakuonea huruma kwa hilo. Ungemwendea tajiri ukagomba, ungemnunia Msasa mwezi mzima, ningekuelewa. Lakini wewe ulichukua kitu alichokupa wakati hana mwingine wa kumpa, ukakikata nusu, ukatupa nusu iliyomtetea.

Kuhusu hiyo barua, hapana. Ulimchafua kwa jina la uongo, sasa unataka kumsafisha bila jina kabisa? Karatasi isiyo na mwenyewe ofisa ataisoma na kuiweka chini ya glasi ya chai. Anachohitaji ni mtu aliyeisikia habari ya kamba kabla ya kelele hizi kuanza, na mtu huyo ni mmoja tu duniani.

Mjadala wenyewe sina ugomvi nao. Watu wana haki ya kuulizana nani akae wapi, shule zitatosha, vyumba vitakuwa bei gani, na yule kinyozi asibezwe. Ila mkimbizi ajadiliwe kwa aliyoyatenda kwenu, asihukumiwe kwa aliyotendewa kwao. Kibali kinamlinda mbele ya ofisa. Kwa mwenye nyumba na kwenye uwanja wa shule alikuwa analindwa na wewe.

Barua yako imenifikia Jumanne na gazeti linatoka Alhamisi, kwa hiyo una siku mbili. Leo, kabla ya chakula, mwambie mkeo. Asisikie ukumbini pamoja na majirani. Mabinti nao waambie mwenyewe, kwa lugha ya umri wao. Watakasirika, na mmoja ataudhika zaidi kwa ajili ya baba mdogo wake, mwache.

Kesho nenda kwa Msasa. Nenda peke yako, usibebe zawadi, usipeleke mzee wa kukuombea. Mwambie ni wewe uliyepiga simu, mwambie kwa nini, mwambie utasimama Jumamosi. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Mwombe asiondoke kabla ya mkutano, kisha uondoke wewe.

Kutoka hapo pitia kwa tajiri, umweleze kabla hajaelezwa. Huenda akakufukuza. Ni haki yake, na useremala wako utatoka nao.

Jumamosi kaa mbele. Taja jina lako ulilopewa na wazazi wako, taja na lile la redioni, toa nusu uliyoificha. Ukimaliza, mfuate mwenye nyumba wa Msasa hadi mlangoni umwambie maneno hayohayo, na Jumatatu mwalimu wa darasa la yule mtoto.

Na Msasa akikufungia mlango kesho, Jumamosi nenda vilevile. Hukungoja ruhusa yake kumchongea, basi usingoje msamaha wake kumtetea.

Shangazi